Chai ya Marehemu

Nilimfahamu mtu mmoja aliyehudhuria kumbukumbu ya kifo chake mwenyewe kila mwaka, na kila mwaka alirudi Kisumu akilalamikia chai.

"Sukari mingi tena," alikuwa akisema, huku akivua kofia na kuitundika kwenye msumari wake. "Hao watu wataniua."

Tulimwita Baharia. Alikuwa na jina, tena jina kubwa huko kwao, lakini sitalitaja. Mwenyewe alinikataza, na kwa hoja ambayo mpaka leo sijaipatia jibu. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo kikuu na digrii ya historia na suruali moja ya maana, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba makala yangu juu yake ingesomwa Nairobi na watu wenye miwani. Nilimwomba ruhusa.

"Andika," akasema. "Lakini ngoja nikufe mara ya pili kwanza. Na jina usiweke. Jina langu liko kule kwa kaburi, limeandikwa na simenti. Hilo ni la yule kijana. Mimi niite tu Baharia."

Amekwisha kufa mara ya pili. Nami nimefikia umri wa kukaa kitandani kabla ya kuvaa soksi, na miwani ninayo. Naandika.

Tulikuwa majirani katika ploti moja ukingoni mwa Obunga, tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini hadi karibu na mwisho wa miaka ya tisini. Ilikuwa safu mbili za vyumba vinavyotazamana, bomba moja la maji, na harufu ya mgongo wazi, yaani ile mifupa ya samaki aina ya mbuta iliyokwisha kunyofolewa minofu, ambayo kina mama wa mtaa huo waliikaanga upya mpaka ikawa chakula. Nilipohamia nilijiambia nitakaa muhula mmoja, mpaka nipate nyumba inayolingana na elimu yangu. Nilikaa mpaka nywele zikaanza kunihama.

Ukuta kati ya chumba changu na chake haukuficha kitu. Asubuhi nilimsikia akipuliza makaa ya pasi. Alipiga pasi kila kitu: shati, kaptura ya kazini, leso, hata gazeti kuukuu alilotandika mezani. Shati lilikuwa la mikono mirefu siku zote, vifungo vyote vimefungwa, vya kooni na vya mikononi, katika joto la Kisumu linalowafanya mbuzi wabishane juu ya kivuli. Chini ya shati hilo ngozi ilikuwa imeungua. Niliiona alipoteleza bafuni nikaitwa kumwinua. Ilifanana na karatasi iliyokunjwa ngumini kisha ikakunjuliwa. Jioni alinipigia pasi suruali yangu ya maana bila kuombwa.

Kazi yake ilikuwa kushona maturubai kule Mamboleo, kwenye njia panda, ambako malori yalisimama kabla ya kupanda kuelekea Kakamega. Alikaa juu ya debe, turubai limemfunika magoti, kiganjani amevaa kipande cha ngozi cha kusukumia sindano. Madereva walimpenda kwa sababu hakuwaambia kamwe kwamba kitu kimeharibika kabisa. Turubai lililochanwa na upepo, lililoliwa na panya, lililoungua kwa sigara, alilitazama, akalinusa, akasema, "Hiyo inashonwa." Alisema hivyo kuhusu turubai, na kuhusu redio yangu, na kuhusu ndoa ya fundi baiskeli wa chumba cha mwisho, na siku moja, baada ya taarifa ya habari, kuhusu serikali. Kwa serikali tulimcheka. Alicheka pia, lakini hakuifuta kauli.

Alikuwa baharia asiyelipenda ziwa. Jumapili, watu wa mjini walipoteremka ufukoni kupunga hewa na kula samaki, yeye aliketi kwenye mlango wa ploti ameligeuzia mgongo.

"Bahari ina nidhamu," aliniambia. "Inakuonya kwanza. Hii yetu inacheka tu, unacheka na yeye, halafu umeenda."

Samaki hakula. Hebu fikiria: mtu wa ziwani, kazaliwa ufukoni, anakaa Obunga katikati ya mikaango, na anakula maharagwe. Nilidhani ni mambo ya tumbo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mama mwenye nyumba alisimamia chakula chake kwa ukali wa mlinda lango. Lakini samaki hawana sukari. Nilipomwuliza, alisema, "Mimi samaki nakula mara moja kwa mwaka. Huko Novemba." Akaendelea kupiga pasi leso.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenieleza. Alikuwa Mwislamu wa Kisumu wa zile familia za zamani: babu wa upande mmoja alikuja na misafara kutoka pwani akashindwa kurudi, bibi wa upande mwingine alikuwa Mjaluo wa hapo hapo aliyemfanya ashindwe. Alizungumza Kiswahili na Kijaluo kwa kasi moja, na alijua mambo ya kila mpangaji kuliko mpangaji mwenyewe. Siku hiyo alikuwa akichambua mchele barazani.

"Mwalimu, wewe umesoma historia," alisema bila kuinua macho. "Unajua jirani yako amekufa?"

Nikamwambia nimemwona asubuhi, akipiga mswaki.

"Amekufa zamani. Kaa chini, shika hii sinia, mawe weka huku."

Basi nikakaa, nikachambua mchele, na hivi ndivyo alivyonisimulia.

Wakati wa vita vikuu vya pili, Baharia akiwa kijana ameoa karibuni tu, aliondoka kijijini kwao kwenye ufuko wa upande wa Seme akaenda Mombasa kujiunga na jeshi la maji la Mwingereza. Meli yake ilipigwa mbali sana baharini. Mafuta yakamwagika juu ya maji yakawaka. Yeye alikuwa tayari amefika kwenye mashua ya kuokolea watu. Akajirusha tena ndani ya ule moto, akamvuta mtu, akarudi, akamvuta mwingine, akarudi. Mara ya mwisho walimwona kichwa tu, kisha moshi. Waliookolewa walisimulia, wakubwa wake wakaandika kwamba amekufa kishujaa, na nishani ikaletwa mpaka kijijini ikavalishwa mama yake mbele ya baraza.

Mwili haukuwepo. Kwa Wajaluo mtu hawezi kuachwa hivi hivi bila kaburi. Asipopatikana, huzikwa tunda la mti wa yago badala yake, lile tunda refu, zito, ambalo ukilifunga sanda hata wewe mwenyewe unaweza kusadiki. Wakamzika yago. Wakamlilia siku zote zinazotakiwa, ng'ombe wakakimbizwa, ngoma ikapigwa. Mjane wake, kijana kama yeye, akachukuliwa na mdogo wa marehemu, kama ilivyokuwa desturi, akapata mtoto.

Lakini meli ya kigeni ilikuwa imemwokota kijana yule, ameungua hajijui, ikampeleka bandari ya mbali ambako hakuna aliyejua lugha yake. Mikono ilikuwa imefungwa bendeji, asingeweza kuandika hata kama angekuwa na karatasi. Vita vilikuwa vimekwisha alipofika kwao, kwa miguu, kapiga pasi shati.

"Nani amekuambia alikuwa amepiga pasi?" nilimwuliza mama mwenye nyumba.

"Wewe humjui? Angeenda kwao na shati imekunjamana?"

Wazee walimzuia langoni. Mtu aliyekwisha kuliliwa na kuzikwa akipita lango la nyumbani, walisema, anaingia pamoja na kile kifo. Na ndani kulikuwa na mtoto mchanga. Wangeweza kumfukua yago, kuchinja, kumsafisha. Dawa ya mambo hayo ipo. Lakini basi mke ni wa nani? Mtoto ni wa nani? Wakashauriana mpaka jua likainama, halafu mkubwa wao akaja langoni akamwambia, "Rudi mjini kwanza. Tutakuita."

Nimewahi kusimulia kisa hiki kwa wenzangu wasomi, na wote hutaka hapa Baharia ageuke kimya kimya, kwa heshima, kama sanamu. Nilitaka hivyo mimi pia. Nilimwuliza.

"Kimya?" akasema. "Niliwatupia mawe, Mwalimu. Niliwatukana mpaka sauti ikaisha. Mmoja nilimpata kwa goti."

Mama yake pekee ndiye aliyevuka lango kumfuata. Alimshika uso. Kisha akarudi ndani akamletea chai, ainywe hapo nje amesimama. Sukari ilikuwa adimu siku hizo, na alimwaga ndani yote aliyokuwa nayo, kwa kuwa mwanawe alipenda sukari tangu utotoni. Baharia aliinywa, akarudisha kikombe, akaja Kisumu kungoja kuitwa.

Hiyo "kwanza" ya yule mzee ilimaliza maisha yote ya Baharia.

Nishani hakuidai. "Nikisema niko hai, wangeenda kunyang'anya mama," aliniambia. Mama alipokufa, nishani ilipelekwa shule ya msingi ya hapo kijijini, ikawekwa ofisini kwenye fremu ya kioo, na kila Novemba shule ikafanya sherehe ya kumbukumbu. Kulikuwa na kwaya, mashairi, hotuba ya chifu, na chai. Chai hiyo ilipikwa kwa sukari isiyo ya kawaida, kwa heshima ya marehemu, maana mama yake aliacha maneno hayo kwa kila mtu: mwanangu alipenda sukari.

Baharia akaanza kwenda. Wazee walimjua, wakatazama pembeni. Vijana waliambiwa ni rafiki wa marehemu, walikuwa meli moja. Wazee wakazidi kwisha, vijana wakawa walimu na machifu, na ule uongo ukabaki peke yake, hauna mtu wa kuupinga. Mwishowe walimpa nafasi katika ratiba.

Mwaka wa kwanza nilipomsindikiza niliketi nyuma, kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu mkuu alisimama akatangaza: "Sasa tumkaribishe mzee aliyemjua shujaa wetu uso kwa uso."

Baharia akasimama, akanyoosha shati. Nilijiandaa kulia. Nilikuwa hata nimetoa leso.

"Nilimjua," alisema. "Alikuwa mvivu kuosha sahani."

Watoto wakacheka. Chifu akatazama ratiba.

"Alikuwa anaogopa. Mnaimba kwamba hakuogopa, wimbo ni mzuri, sisemi muache. Lakini mimi nilikuwa karibu. Aliogopa sana. Na alikuwa na bibi nyumbani, alimwongelea kila siku mpaka tukachoka. Hiyo ndiyo nakumbuka. Asanteni kwa chai."

Akakaa. Walimpigia makofi ya heshima, yale ambayo hupigiwa wazee wanaoanza kuchanganyikiwa. Baada ya hapo mwalimu mkuu alitaka picha, akachukua nishani kwenye fremu akambandika Baharia kifuani, kwa niaba ya rafiki yake. Baharia aliitoa upesi kama mtu aliyeingiwa na siafu.

Sherehe ilipomalizika, wageni walikwenda nyumbani kwa marehemu kuweka maua kaburini. Kwaya ilitangulia, ikiimba ule wimbo wao usemao ndugu yetu kijana, ziwa lakuulizia, mbona hukurudi. Baharia alifuata mpaka langoni, akasimama. Watu walipita wakiingia, wakidhani mzee anapumzika. Kutoka pale ulionekana msalaba wa simenti upande wa kulia wa boma, na nyumba, na mwanamke mmoja mzee mlangoni.

Huyo ndiye aliyekuwa mke wake. Baada ya muda msichana mdogo alikuja na sinia lililofunikwa. Ugali, na ngege mzima, na kichwa chake. Wageni wengine walipewa vipande. Samaki mzima na kichwa ni wa mwenye nyumba. Baharia alikula hapo nje, juu ya jiwe, polepole, hakuacha hata mfupa wa shavu. Msichana akarudisha sinia. Mwanamke mlangoni akalitazama lile sinia tupu, akaingia ndani.

"Ndiyo hivyo tu?" nilimwuliza njiani.

"Ulitaka nini, omera? Sinema?"

Kuhusu mdogo wake, aliyemchukua mke, sikuwahi kumsikia akimtukana wala kumtaja. Lakini kila mwaka alibeba kifurushi, akakiacha kwenye jiwe pale langoni. Ndani mlikuwa na tanga la mashua, jipya, limeshonwa kwa mkono. Wavuvi wa ufuko ule walisema mashua ya mdogo mtu ina tanga zuri kuliko zote, na wakauliza anashonewa wapi. Alijibu, Kisumu. Alipokufa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, walimfunika na tanga hilo kabla jeneza halijafika. Baharia alisikia habari hizo akiwa Mamboleo. Alifunga kazi mapema, akaja akakaa mlangoni, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa akilitazama ziwa.

Mama mwenye nyumba aliona nafasi yake. Nadhani alikuwa ameingoja.

"Baharia, sasa wanaokukataza wamekwisha," alisema. "Nenda ukaingie. Au kama huendi, acha kungoja. Silimu, ukae hapa na watu wanaokutaka. Ukifa tunakuzika siku hiyo hiyo, hakuna bendi, hakuna kelele."

"Mama, mimi nimeshazikwa. Mtu asizoee."

"Nakuambia la maana wewe unaleta mchezo."

"Sileti mchezo. Nangoja kuitwa."

"Na nani? Wamekufa wote."

"Yeye hajakufa."

Mama mwenye nyumba aliingia kwake, akafunga mlango. Chakula cha Baharia siku hiyo kililetwa na mtoto wa jirani, na maharagwe hayakuwa na chumvi. Sikuwa na akili ya kuelewa mambo mengi siku zile, lakini hilo nililielewa.

Kilichonishangaza ni mkwamo wenyewe. Mwanamke alikuwa sasa mkubwa wa boma, hakuna wa kumzuia. Mwanamume alikuwa langoni kila Novemba. Nikajitia hekima, nikamshauri apige hodi tu, kama mtu mwingine yeyote.

Alinitazama kama niliyemwambia aende uchi sokoni Kibuye. "Nipige hodi kwangu? Mwenye nyumba anapiga hodi?"

Na yeye mwanamke, kwa upande wake, alikuwa mjane wa shujaa, anayeheshimiwa na kata nzima. Mjane hamwiti mwanamume wa njiani aingie kwake. Mmoja asingepiga hodi kwa sababu pale ni kwake. Mwingine asingesema karibu kwa sababu hakuna aliyepiga hodi. Waliendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, samaki akienda na sinia likirudi. Mimi nilikuwa nafundisha watoto wa watu mikataba ya mataifa ya Ulaya, na mkataba huu wa jiwe na sinia ulinishinda.

Alizikwa huko huko kwao mwishowe, nafuu niseme sasa ili msomaji asihangaike. Amelala kando ya yule yago. Mafundi waliambiwa waandike kitu kwenye simenti, wakaandika "Rafiki". Mama mwenye nyumba alikuja mpaka huko na mtandio wake mweusi, akaketi katikati ya Wakristo na tarumbeta zao, akanung'unika kuhusu kelele kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakutaka mtu amwone uso. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Novemba moja, na ndiyo hiyo iliyonifanya niichukue kalamu.

Mwaka ule gugu maji lilikuwa limeifunga ghuba ya Kisumu kabisa, kijani kitupu kutoka bandarini hadi macho yanapoishia, meli zimekwama kama ng'ombe shambani. Baharia alikuwa amekonda. Mguu mmoja ulikuwa na kidonda kisichotaka kupona, na daktari alikuwa ameanza kuzungumza naye kwa upole, jambo lisilo dalili njema. Mama mwenye nyumba alisema asiende. Alipoona ameanza kupuliza makaa ya pasi, alikwenda kumnunulia soksi safi za kufunika bendeji.

"Mwalimu, ukimwacha anywe ile chai yao," aliniambia langoni, "usirudi kwa ploti yangu."

Nilimshika mkono njia nzima kutoka kituo cha basi hadi shuleni. Hakutoa hotuba, alisema tu, "Mwaka huu nimesahau nilichotaka kusema," wakampigia makofi yale yale. Chai ilipokuja, alikishika kikombe mikononi, akainusa, akanipa mimi. Niliinywa. Ilikuwa kama kulamba muwa uliochemshwa.

Tukafika langoni nyuma ya wengine wote. Kwaya ilikuwa imekwisha kufika kaburini, imeanza wimbo. Nikatafuta lile jiwe ili nimkalishe, lakini hakutaka kukaa. Alisimama ameshikilia bega langu, akitazama ndani. Mwanamke alikuwa mlangoni kwake, mahali pake pa kila mwaka, naye alikuwa amezeeka. Alishika mwimo wa mlango kama Baharia alivyonishika mimi.

Akaniegemea kwa uzito wake wote. Nikadhani anataka kuanguka.

"Hodi," alisema.

Hakusema kwa nguvu. Watoto walikuwa wanaimba na sikudhani sauti hiyo ingefika popote. Lakini mwanamke alikiinua kichwa. Kisha akaingia ndani, na Baharia akashusha pumzi, akasema kwa sauti ya chini, "Sawa. Sawa." Nilitamani niwe mahali pengine popote, hata darasani.

Mwanamke akatoka na panga.

Hakuja langoni. Alikwenda hatua chache pembeni, kwenye ua wa minyaa, ile miti yenye utomvu mweupe unaopofusha, akajifunika macho kwa leso ya kichwa, akaanza kukata. Wajukuu walimkimbilia wakitaka kumpokea panga, akawafukuza. Mwalimu mkuu, kule kaburini, alidhani ua unakatwa ili gari la chifu lipite, akaanza kuwaondoa watoto njiani, huku wakiendelea kuimba mbona hukurudi. Matawi yalianguka moja moja. Alipomaliza, palikuwa na pengo la mtu mmoja.

"Hilo lango ni la yule marehemu," alisema, akihema. "Wewe pita hapa."

Baharia alilitazama pengo, na utomvu ukidondoka pande zote mbili.

"Umeharibu ua, Nyar Uyoma," akasema. Hivyo ndivyo mke huitwa kwetu, binti wa kule alikotoka, na sikuwa nimemsikia akilitamka jina hilo hata siku moja. "Lakini hiyo inashonwa."

"Pita, mzee. Jua linaniumiza."

Akapita. Nilimwachia mkono, kwa kuwa pengo lilikuwa la mtu mmoja, kisha nikafuata kiubavu na kuharibu suruali. Hakwenda kaburini. Alilitupia jicho tu kwa mbali, kama unavyomtazama kijana wa watu anayelala mchana, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba. Kiti cha mbao kiliwekwa. Aliketi, kofia magotini, akatazama kuta, na dari, na kabati la vyombo, kimoja baada ya kingine. Hakuna kilichokuwa cha wakati wake.

Mwanamke alileta chai, akamwekea mbele. Niliijua kwa harufu. Nikakohoa, nikijitayarisha kuingilia kati, maana nilikuwa na ploti ya kurudi. Baharia hakunitazama. Aliinua kikombe, akanywa funda, akameza, na uso wake ukajitahidi.

Mwanamke alikuwa akimtazama uso huo.

"Ni sukari?" aliuliza.

"Ni nzuri tu."

"Mama alituambia anapenda mingi. Mpaka anakufa alisema."

"Ndiyo. Alikuwa anapenda."

"Mimi simwulizi yeye." Alinyoosha mkono, akakichukua kikombe. "Wewe unakunywa yako aje?"

Nje wimbo ulikuwa umekwisha, na mwalimu mkuu alikuwa anahesabu watoto. Baharia aligeuza kofia magotini, akaigeuza tena. Ni mimi tu niliyekuwa karibu kiasi cha kuona kwamba lilikuwa swali gumu.

"Bila," alisema. "Kama si taabu."

"Taabu gani," alisema, akachukua sufuria, akaenda kubandika nyingine.